Mbwa mzee katoka kupasuliwa, sasa yuko nyumbani: namna ya kumuuguza

Tausi wetu alikua na miaka 10 alipopasuliwa. Jike, chotara wa jemani shepadi na hawa mbwa wetu wa kawaida, kilo 24, na maisha yake yote amelala nje akilinda geti. Ilikua mwezi wa sita, Arusha baridi imekolea, tukaona anakunywa maji kupita kiasi, beseni zima anamaliza, anakojoa kila saa, chakula hataki, alafu huku nyuma anatoa uchafu unanuka kama usaha. Ni wiki kama sita hivi tangu atoke kwenye joto. Daktari wa mifugo alivompima akasema kizazi kimejaa usaha, afunguliwe leoleo kitolewe chote. Ugonjwa huu unawapata sana majike wenye umri ambao hawajawahi kutolewa kizazi, kwahiyo kama unaye wa miaka sita kwenda juu zishike hizo dalili, usisubiri hadi alale chini.

Operesheni ilienda vizuri. Tukapewa mbwa kwenye shuka, mfuko wa dawa, na karatasi ya mistari mitatu: dawa mara ngapi, asioge, arudishwe baada ya siku 12 kutolewa nyuzi. Basi. Mengine yote nimejifunza nikiwa nimekaa naye sakafuni, ndo maana nayaandika hapa manake najua kuna mtu saivi yuko na mzee wake ndani na hajui aanzie wapi. Mengi yanafanya kazi hata kama wako katolewa uvimbe au kafanyiwa kitu kingine, sio kizazi tu.

Kabla hujaondoka kliniki uliza maswali mpaka uridhike. Uliza kapewa sindano gani ya maumivu na ya pili ni saa ngapi, uliza dawa ipi ni lazima ashibe kwanza, uliza kama figo zake zimepimwa, na omba namba ya simu ambayo mtu anapokea usiku. Na wewe nawe mwambie daktari ukweli wote, hasa kama kuna mtu alishamchoma mbwa sindano wiki hiyo kabla hujafika hapo. Mtaani wengi wanachoma deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kila ugonjwa, na hiyo ikikutana na dawa za maumivu za mbwa tumbo linaweza kutoboka vidonda. Usione aibu kusema, daktari hawezi kujua kama hujamwambia.

Usiku wa kwanza

Mzee hatoki kwenye nusu kaputi kama kijana. Ini na figo zimechoka, dawa inatoka mwilini taratibu, kwahiyo kuyumba, kulala fofofo, kuamka na kulia bila sababu vinaweza kuendelea mpaka kesho yake. Tausi alilia kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, ule mlio mwembamba kabisa ambao sijawahi kuusikia kwake, macho yako wazi lakini hanioni. Niliogopa sana. Nikapiga simu, nikaambiwa kwa saa chache za mwanzo huo ni ulevi wa dawa zaidi ya maumivu, punguza mwanga, kaa karibu, ongea naye kwa sauti ya chini. Nikaweka mkono begani kwake nikawa namwita jina lake tu. Alitulia, akishtuka tena namwita tena.

Joto ndo jambo la kwanza. Mbwa aliyetoka kwenye nusu kaputi hawezi kujipasha vizuri, na mzee ndo kabisa. Usimlaze kwenye vigae au saruji tupu. Weka godoro kuukuu au magunia mawili matatu, juu blanketi, na chini ya blanketi nailoni ili akijikojolea usifue godoro. Chupa ya maji ya moto inasaidia ila maji yawe vuguvugu ya kuvumilika mkononi na chupa uizungushie khanga, manake mbwa aliyelewa dawa hawezi kujisogeza akiungua, ataungua hivohivo amelala. Mgeuze upande kila baada ya saa mbili au tatu mpaka aanze kujigeuza mwenyewe, shingo iwe imenyooka apumue vizuri.

Maji usimpe mpaka aweze kushika kichwa chake mwenyewe bila kukiangusha. Alafu kidogokidogo, robo kikombe, subiri nusu saa, robo tena. Ukimuwekea bakuli limejaa atakunywa lote kwa kiu na atalitapika lote, na kutapika na tumbo lililoshonwa ni mateso. Chakula usiku huo ni robo ya kawaida yake, akikataa muache. Kutapika mara moja sio ajabu, akirudia mara ya tatu piga simu.

Jifunze kumuangalia ufizi usiku huohuo. Nyanyua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi ya pinki inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi ukiwa mweupe kama karatasi au rangi inachelewa kurudi, anaweza akawa anavuja damu ndani, na hapo hakuna kungoja kuche. Pumzi nazo hesabu akiwa amelala, kifua kupanda na kushuka ni moja, zikiwa chini ya 30 kwa dakika uko salama. Kama una kipimajoto cha kuingiza nyuma, mbwa mzima ni kati ya 38 na 39.2, kwahiyo usishtuke ukiona 38.7 ukadhani ni homa, kwake ndo kawaida. Ikipita 39.5 au ikishuka chini ya 37.5 mwambie daktari.

Mtoe kwenye ulinzi

Hili sijaona likisemwa vya kutosha na kwetu huku ndo linaloharibu nyuzi nyingi. Mbwa wetu wengi ni walinzi. Mbwa ambaye miaka kumi kazi yake ni geti, akisikia geti linagongwa anaruka, tumbo limeshonwa au halijashonwa, hafikirii. Siku ya pili Tausi alisikia pikipiki inasimama nje, alikua hawezi hata kusimama vizuri lakini aliinuka mara moja akataka kukimbia, nikamuwahi mlangoni. Tangu hapo tulimhamishia chumba cha nyuma kilicho mbali na geti, redio inaongea taratibu kutwa nzima ili sauti za nje zisimfikie, na kila anayekuja kwetu tulimuomba apige simu asigonge wala asipige honi. Mbwa mwingine kama yupo mtenganishe naye, hata kama wanapendana, hasa kama wanapendana. Watoto nao waelezwe, waje mmojammoja wakae, wasimchezeshe.

Kama nyumbani mbwa haingii ndani kwa sababu za dini au kwa desturi yenu, stoo safi au banda la gari linatosha kabisa, cha msingi kuwe na ukuta, pakavu, hakuna upepo wa usiku, na mtu wa kumpitia. Ila nje kwenye mnyororo hapana. Siku 14 nje kwenye mnyororo na kidonda cha tumbo ni kumuachia mainzi.

Na mainzi nayasema kwa uzito. Kidonda kibichi, joto la mchana, inzi anataga, na kesho yake unakuta funza. Tulimfungia Tausi chandarua, hiki hiki cha kulalia, kimetundikwa kwenye misumari minne kinashuka mpaka chini kimezunguka godoro lake. Usipulizie dawa ya mbu au ya mende karibu yake. Pia usimuogeshe dawa ya kupe mpaka nyuzi zitoke, kupe mtoe kwa mkono au kibanio, mmoja mmoja, mkague masikioni na katikati ya vidole kila jioni kwa sababu mwili uliochoka ndo homa ya kupe inapopata nafasi.

Kidonda kinatazamwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na tochi ya simu, na kila siku kipige picha ukiwa umbali uleule. Picha zinasaidia kuliko kumbukumbu, siku ya nne nilikua nina uhakika uvimbe umeongezeka, nikafungua picha ya siku ya pili nikakuta umepungua. Kawaida ni hivi: kingo zimegusana, wekundu kidogo, uvimbe kidogo siku za mwanzo, pengine majimaji mepesi ya pinki siku ya kwanza na ya pili. Kwa aliyetolewa kizazi, uchafu kidogo huku nyuma siku mbili tatu nao unaweza kuendelea, lakini uwe unapungua. Isiyo kawaida: usaha, harufu, kidonda kuwa cha moto ukikigusa kwa nyuma ya mkono, kingo kuachana, uvimbe laini unaokua chini ya ngozi. Na ikitokea nyuzi zimeachia mpaka kitu cha ndani kinachungulia, usikirudishe kwa mkono, lowesha kitambaa safi kwa maji ya dripu au maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, zungushia shuka tumboni, mbebe uende muda huohuo.

Kupaka vitu hapana. Najua utaambiwa, mimi niliambiwa majivu, binzari, oili chafu, mpaka sukari, na walioniambia wanampenda Tausi na walikua na nia njema. Kidonda kilichoshonwa vizuri kinajifunga chenyewe kikiwa kikavu na kisafi. Hata spiriti inachoma nyama changa inayojijenga pale. Kikichafuka, pamba na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, gusagusa usisugue, kausha. Basi.

Kulamba. Watu wanaamini mate ya mbwa ni dawa. Mdomo wa mbwa umejaa vijidudu, na ulimi wake ni msasa, usiku mmoja anaweza kufungua nyuzi zote. Kama koni, ile kola pana ya shingoni ya kumzuia asifikie kidonda, haipo dukani tengeneza, chukua ndoo ndogo ya plastiki ya rangi iliyooshwa vizuri, kata kitako tundu litoshe kichwa, kingo zote zungushia selotepu nene zisimchane, toboa matundu manne upitishe kamba ya kitambaa ufunge kwenye mkanda wake wa shingo. Ndoo ipite pua yake kwa vidole viwili, la sivyo anafika. Mzee ambaye macho yana ukungu anateseka na koni usiku, anagonga kuta, anaganda katikati ya chumba hajui aende wapi, kwahiyo acha taa ndogo inawaka na bakuli lake usilihamishehamishe. Tausi koni ilimshinda, tukatumia tisheti ya mwanangu wa miaka 12, kichwa kinapita kwenye shingo, miguu ya mbele kwenye mikono, chini tunaikunja tunaifunga fundo mgongoni. Ila jike akitoka kukojoa ifungue kwanza, ikilowa mkojo ikabaki kwenye kidonda ni kama hujafanya kitu. Tulikua nazo tatu, moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kwenye maji.

Sasa dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usimpe mbwa dawa ya maumivu ya binadamu. Panadol, ibuprofeni, diklofenaki, usimpe, hata nusu, hata robo. Diklofenaki na ibuprofeni zinamchimba vidonda tumboni na kuua figo, Panadol inaharibu ini na damu. Miaka ya nyuma tulikua na mbwa nyumbani kwa wazazi, Jeki, alivunjika mguu, mtu akamuonea huruma akampa diklofenaki siku tatu mfululizo. Alianza kutapika kitu cheusi kama kahawa, siku ya tano akafa, mguu hata haukua umeshapata bandeji ya pili. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, zinatolewa na daktari kwa kilo zake, mara nyingi mara moja kwa siku, na zinapewa baada ya kula. Akitapika, akiharisha, kinyesi kikiwa cheusi kama lami, akiacha kula, simamisha hiyo dawa na upige simu kabla ya kumpa nyingine. Antibayotiki yeye maliza mpaka cha mwisho hata kama anaonekana mzima.

Kumeza, tulitumia kipande cha ini lililochemshwa, unapasua katikati unaficha kidonge. Kaa umuone anameza, alafu mpe kipande kingine kitupu juu yake. Wazee ni wajanja, Tausi alikua anabana kidonge shavuni anakitema nyuma ya godoro, nilivikuta viwili. Bandika karatasi ukutani, kila dawa na saa yake, anayempa anaweka tiki, manake mama akimpa na baba akampa tena tayari ni dozi mbili.

Na maumivu utayajuaje wakati mbwa halalamiki? Mzee anaficha. Angalia kutetemeka bila baridi, kuhema ulimi nje bila joto, mgongo kupinda juu, kusimama muda mrefu akiogopa kulala, kukodolea ukuta, kukunja uso ukisogeza mkono karibu. Ukiyaona hayo mawili matatu kwa pamoja usiseme ni uzee. Mpigie daktari, dawa zinaweza kuongezewa nyingine.

Chakula siku tatu za kwanza mpe kidogo mara nne kwa siku. Kuku wa kuchemsha bila mifupa na wali laini ndo uliofanya kazi kwetu, bila chumvi, bila kitunguu maji wala saumu, kitunguu kinavunja damu ya mbwa. Pasha kidogo kitoe harufu, mzee pua imepungua na harufu ndo inayomkumbusha njaa. Bakuli liweke juu ya tofali mbili asiiname. Mifupa hapana kabisa wiki hizi mbili, inafunga choo, na kujikamua na tumbo lililoshonwa unaweza ukafikiria mwenyewe. Choo kinaweza kuchelewa siku tatu au nne, hiyo isikutishe, tumbo lilikua tupu na dawa zinalitia uvivu, boga la kuchemsha vijiko viwili kwenye chakula linasaidia. Mkojo lakini hausubiri, saa 24 zikipita hajakojoa kabisa mpeleke. Na mwingine hakojoi kwa heshima tu, Tausi hajawahi kukojoa ndani ya nyumba maisha yake yote, alijibana mpaka nilipombeba nje kwenye majani yake yaleyale ya nyuma ya tanki, akakojoa dakika nzima nikiwa nimemshikilia.

Maji kwa mbwa wa kilo 24 ni kama lita moja na kidogo kwa siku. Kama kabla ya operesheni alikua anakunywa ndoo, kiu inapungua siku kwa siku. Isipopungua baada ya wiki mbili, figo zinatakiwa ziangaliwe.

Kumbeba, mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, kamwe sio chini ya tumbo. Akiwa mzito shuka na watu wawili. Ile mbinu ya kupitisha khanga chini ya tumbo kumsaidia kusimama ni nzuri kwa aliyefanyiwa mguu, kwa aliyepasuliwa tumbo inakaa juu ya kidonda, yeye mshike nyonga huku na huku kwa viganja umnyanyue taratibu mpaka miguu ikamate.

Halafu mwendo. Kijana unamzuia asitembee, mzee unamzuia na pia unamlazimisha kidogo, kwa sababu akilala siku tano viungo vinakaza na misuli ya mapaja inayeyuka. Kuanzia siku ya pili, kama daktari hajakataza, dakika tano kwa kamba fupi, mara tatu au nne kwa siku, njia tambarare, hakuna ngazi hakuna kuruka kwenye kiti. Jioni nilikua namsugua mapaja kwa kiganja, polepole, kutoka juu kwenda chini. Vigaeni tulitandaza mkeka na magunia kutoka godoroni mpaka mlangoni, na kucha tukazikata, manake kucha ndefu kwenye vigae zinateleza, na mguu ukienda pembeni ghafla ndo nyuzi zinavutika.

Wa mikoani ambako vet wa mbwa yuko mbali, afisa mifugo wa kata mtafute mapema, siku ya kwanza, sio mambo yakiharibika. Wengi wao siku zote wako na ng'ombe na mbuzi lakini kidonda wanakijua, nyuzi wanatoa, na akiwa na namba ya aliyempasua wanaongea wenyewe. Walio Morogoro wana hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hiyo ni bahati, itumieni.

Nyuzi za Tausi zilitoka siku ya 12. Kwa wengine ni kati ya siku 10 na 14, na mzee akichelewa kidogo sio kosa. Nyuzi kutoka sio kwamba ndani pamepona, tulimuweka bila kukimbia mpaka wiki ya nne ikatimia. Baada ya hapo chakula tulipunguza kidogo, jike aliyetolewa kizazi ananenepa haraka na uzito kwenye viungo vya mzee ni shida nyingine. Na ukija kukuta amelowesha alipolala, usimpige wala usimrudishe nje, wapo majike ambao baada ya kutolewa kizazi mkojo unavuja wakiwa usingizini, hajui kama umetoka, na ina dawa.

Saivi mchana analinda geti kama zamani, analala pale kwenye kivuli cha mparachichi. Ikifika saa moja jioni anakuja mwenyewe mlangoni kwa jikoni anasubiri kufunguliwa, anaenda moja kwa moja koridoni kwenye gunia lake.